Silinda ya Tatu

Utani una raha yake mpaka siku anapousikia mtu mwenye haja nao. Mwishehe aliling'amua hilo asubuhi moja uani kwa Bwana Masoud, kule Temeke, kidole gumba chake kikiwa kimeziba tundu la plagi.

Lori la Bwana Masoud lilibeba nazi kutoka Kimbiji, na siku hizo lilikuwa limeishiwa nguvu. Kilima kidogo tu, linakohoa njia nzima. Mwishehe ndiye aliyekuwa fundi wake, Mzaramo wa papo hapo. Dereva alikuwa Fransis, Mnyamwezi aliyekaa na mkewe Filomena na watoto wao katika chumba cha uani, chumba kilichokwenda na kazi. Fundi na dereva walikuwa watani, na utani wa Wazaramo na Wanyamwezi hauna likizo. Juzi yake barazani, watu wakinywa kahawa, Mwishehe alisema, "Huyu Mnyamwezi lori halitii oili. Kopo zima anakaangia mihogo." Baraza ikaangua kicheko. Bwana Masoud hakucheka.

Na asubuhi hii alitoka na kikombe chake mkononi akasema, "Fundi, ulisema mwenyewe oili haitiwi. Kama ringi za pistoni zimelika kwa kukosa oili, Fransis anatoa vyombo vyake leo."

"Ule ulikuwa utani, bwana."

"Basi pima."

Kupima kwenyewe hakukuwa na siri. Plagi hutolewa zote, mmoja anazungusha injini kwa hendeli, mwingine anaziba tundu kwa kidole na kusikiliza upepo unaobanwa ndani unavyosukuma. Silinda yenye afya hukirusha kidole. Aliyeshika hendeli alikuwa Fransis mwenyewe, shati limemganda mgongoni.

"Nikifukuzwa unizike wewe," alisema huku akicheka. "Ndiyo kazi ya mtani."

"Urefu huo, shimo lako nani atalichimba?"

Silinda ya kwanza ilikirusha kidole. Ya pili vilevile, na ya nne. Ya tatu ilipumua tu, kama mtu anayepoza chai. Mwishehe akamimina oili kidogo tunduni. Ringi zikiwa ndizo zilizolika, oili huziba mwanya na nguvu hurudi kwa muda. Haikurudi. Badala yake alisikia upepo ukitorokea kwenye bomba la eksozi, taratibu.

Valvu ilikuwa haifungi. Imeungua. Na valvu zile hakuna aliyezigusa ila yeye, kabla ya Ramadhani, siku alipozirekebisha mbiombio ili awahi ngoma ya mwali wa dada yake huko Kawe. Alizibana mno, hakuziachia nafasi ya kutanuka zikipata moto. Alijiambia atazirudia kesho yake. Hakuzirudia.

Akabaki ameinama juu ya injini, ingawa hapakuwa na cha kuinamia tena. Akisema ringi, yeye yu salama, na Filomena, ambaye saa ile alikuwa akianika nguo pale pale uani, atafunga mizigo. Akisema valvu, nyumbani mkewe Hamisa atauliza watakula nini. Alitamani tundu lile la plagi limmeze.

"Enhe?" akauliza Bwana Masoud.

"Zungusha tena," Mwishehe alimwambia Fransis. Fransis akazungusha, hana habari. Akaambiwa tena, akazungusha tena, anahema. Mwishehe akaona haya hata macho yakamwuma: mwenzake alikuwa akitoka jasho ili yeye apate muda wa kutunga uongo.

"Siyo ringi," akasema. "Ni valvu. Nilizibana vibaya mie. Fransis hana kosa."

Bwana Masoud akatabasamu. "Nyie watani. Juzi mnatukanana, leo mnateteana."

"Njoo uzibe mwenyewe, bwana. Usikilize na eksozi."

Bwana Masoud aliweka kikombe chini, akaziba, akasikiliza. Fransis alizungusha polepole safari hii, maana naye alikuwa ameshaelewa. Bwana Masoud akafuta kidole kwa leso kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya, na siku hiyo alishindwa hata kuwatazama usoni.

"Nimesikia," alisema. "Lakini Muhsin, mtoto wa dada yangu, kapata leseni, na dada hanipi usingizi. Nilikuwa natafuta neno, ukanipa lile la barazani, na mie nimeshamwambia dada kazi ipo. Wewe tengeneza valvu. Dereva ninaye. Fundi mwingine sina."

"Basi na mie naondoka."

"Uende wapi? Huko utakakoomba kazi wataniuliza mimi, nami nitawaambia nani aliyeunguza valvu."

Mwishehe akaokota spana yake.

Adhuhuri Filomena alitoka na godoro kichwani, watoto nyuma yake. Mwishehe alisimama langoni na spana mkononi akingoja tusi. Lolote lile, aitwe mvivu, aitwe mcheza ngoma, angelipokea kwa mikono miwili. Fransis akatua sanduku, akampa mkono.

"Ahsante kwa kusema kweli, Bwana Mwishehe," alisema kwa adabu. "Utusalimie shemeji."

Miaka yote ile hakuwahi kumwita bwana. Mwishehe alitafuta la kumtania, hata dogo, ili wawe kama jana, lakini halikuja. Fransis akabeba sanduku lake akawafuata watoto. Kule ndani Bwana Masoud alikuwa anaita, lori linatakiwa Kimbiji kesho.