Meli Ndani ya Ndiva

Usiku wa jana niliota niko jikoni kwetu Usangi, namimina chai, na kitu cha kwanza kilichonitia shaka ni chai yenyewe. Kwenye kikombe cha Bibi ilikaa sawa. Kwenye kikombe cha Babu ilikuwa imelala upande, imepanda ukingo wa kushoto mpaka juu, na haikumwagika. Niliinama nikaangalia miguu ya meza. Yote ilikuwa imekanyaga chini.

"Asante, Namsifu," akasema Babu.

Hapo shaka ikakomaa. Babu hanaga desturi ya kuniita Namsifu. Tangu nilipoletwa kwao nikiwa mdogo ananiita mke wangu, na Bibi ananiita mke mwenzangu, na kila asubuhi mimi na Bibi tunagombania nani ana haki ya kumpelekea mzee maji ya kunawa. Mbele za watu mimi siwezi kusema, naangalia vidole vya miguu. Lakini kwa hawa wawili mdomo ninao.

Basi tangu warudi safari, utani umekwisha. Wananiita jina langu kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Wananishukuru kwa kila kitu, hata kwa chumvi.

Safari yenyewe ilikuwa ya bahari. Shangazi Naetwe, binti yao, anafua mashuka kwenye meli kubwa ya watalii, akawaombea wazazi wake wastaafu nafasi ya kusafiri nayo. Babu alikuwa karani wa posta, Bibi nesi wa zahanati. Walizunguka dunia miezi mingi. Nafasi zilikuwa mbili, kwa hiyo mimi nilibaki na nyumba.

Sasa, ndotoni, nasimama na birika mkononi nawaangalia wanavyokunywa. Wanameza pamoja. Wanaweka vikombe chini pamoja.

Chini ya meza kitu kinakohoa. Ni sanduku lao la buluu, lile lililosafiri nao.

"We binti," linaniambia kwa sauti ya chini. "Usiwaangalie sana. Hao sio."

"Sio nini?"

"Sio wenyewe. Hao ni vibati."

"Vibati gani?"

"Hujawahi kuingia duka kubwa mjini? Unaacha mfuko wako kwa mlinzi, anakupa kibati chenye namba. Kule melini kuna sheria, vitu vya thamani viachwe mapokezini. Wenyewe wameachwa mapokezini. Uliopewa wewe ni hawa."

"Nani kawaacha?"

"Mimi ni sanduku, mdogo wangu. Nafunguliwa, nafungwa. Siulizwi."

Bibi anainama kuchukua sukari, na nyuma ya shingo yake naona namba, imegongwa kama kwenye bati.

"Unaangalia nini, Namsifu?"

"Hakuna, Bibi."

"Tafadhali usisimame kwenye njia ya dharura."

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa stoo. Nikapisha, na kwa sababu hapakuwa na pengine pa kupisha, nikaingia stoo.

Stoo haikuwa na magunia. Ilikuwa na zulia jekundu na milango mingi iliyofanana, na dirisha la mviringo. Nikachungulia. Nje niliona migomba ya kwetu, na Mzee Kirua, msimamizi wa maji, ameegemea jembe. Ndipo nikaelewa tulipo. Meli ilikuwa ndani ya ndiva, lile bwawa letu dogo la udongo ambalo usiku linajaa na asubuhi linazibuliwa ili maji yaende mashambani kwa zamu. Ndiva yetu mbuzi anaivuka akiwa na haraka. Meli ilikuwa na ghorofa nyingi. Ilienea.

"Mzee Kirua," nikaita kidogo, "hii meli imeingiaje humu?"

"Kwa zamu," akajibu. "Nayo itatoka kwa zamu. Nikizibua tu, inaondoka na maji. Kama una watu wako humo, watoe. Wa bondeni wananisubiri na maharage yao yanakauka."

"Naomba usubiri kidogo."

"Sikusikii! Sema kwa sauti!"

Nikaangalia vidole vya miguu, nikaondoka dirishani.

Mapokezini alikaa pasi ya mkaa amevaa kofia ya kazi. Makaa yalikuwa yanawaka ndani yake, lakini alikuwa mtulivu.

"Kibati?" akauliza.

"Sijavileta. Viko nyumbani vinakunywa chai."

"Vina tabia gani?"

"Vina adabu sana."

"Basi ndivyo vyenyewe," akasema pasi. "Mzigo wako upo. Kuuona ni bure. Kuuchukua ndiyo kazi."

Akanionyesha mlango. Juu yake paliandikwa, na mimi nasoma polepole kwa kuwa niliishia darasa la tano: KULA MPAKA USHINDWE. Ndani kulikuwa na meza ndefu kama barabara, na mwisho wake alikaa Bibi na kitenge chake cha zambarau, anakula keki. Sahani zilikuwa zimepangwa pembeni yake mpaka darini.

"Bibi! Inuka twende nyumbani."

"Siwezi kuinuka," akasema mdomo umejaa. "Sheria inasema mpaka nishindwe. Sijashindwa."

Nikajua ni yeye. Bibi aliwahi kumbeba mjamzito mgongoni mvua ikinyesha, kutoka zahanati mpaka barabara ya gari, akafika anamgombeza kwa kuwa mzito. Keki haiwezi kumshinda.

"Kaa basi unisaidie, mke mwenzangu," akasema. "Au umeshiba chakula cha mume wangu?"

Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikamsogelea. Lakini yeye aliweka kijiko chini na kunikazia macho, macho yale ya kumpima mgonjwa anayedanganya.

"Hebu geuka kwanza. Nikuone shingo."

"Ya nini, Bibi?"

"Geuka."

Nikageuka. Kidole chake kikapita nyuma ya shingo yangu, cha baridi, chenye siagi.

"Nilijua," akasema. "Baba Naetwe! Njoo uone! Wametuletea kibati!"

"Siwezi kuja!" ikajibu sauti ya Babu. "Nikiinuka wananinyang'anya kiti!"

Ukuta ukaondoka, tukawa juu ya meli kwenye jua. Babu alikuwa amelala kwenye kiti kirefu kando ya bwawa la kuogelea, amevaa koti lake la posta na vifungo vyote amefunga. Kwenye kiti kulikuwa na maandishi: UKIINUKA SI CHAKO. Mzungu mmoja mwenye taulo alikuwa anakizunguka kiti taratibu, anasubiri.

"Tangu siku ya kwanza yuko hapo," Babu akaniambia. "Na mimi niko hapa. Mke wangu yuko wapi?"

"Ni mimi, Babu."

"Ndio wewe uliyekuwa unapokea simu?"

"Ndio mimi."

"Jumapili nilikuwa nauliza, habari za huko? Ukasema nini?"

"Nilisema sina neno."

"Nikasikia kwa watu upepo umeezua paa la banda la kuku. Nikakuuliza. Ukasema nini?"

"Sina neno."

"Nikakuuliza kama unakula."

"Nikasema sina neno, Babu."

"Haya!" Babu akamgeukia yule Mzungu, kana kwamba ndiye hakimu. "Umesikia? Mke wangu mimi kuku akitaga yai dogo ananilalamikia siku nzima. Huyu hana neno! Nikamwambia Bibi yako, huyu wa kwenye simu ni kibati. Wetu kawekwa mahali. Tukae hapahapa, kama ni mwenyewe atakuja kutufuata."

"Nami nimewafuata."

"Kibati nacho kinaweza kutumwa," akasema Babu.

Nikapeleka mkono nyuma ya shingo. Kweli palikuwa na kitu cha baridi, kina namba. Nilijaribu kuisoma kwa vidole, sikuweza. Na mimi siku zote hizo nilikuwa nachunguza shingo za wenzangu.

Pasi akafika akitoa moshi. "Kibati hakiwezi kuchukua kibati," akasema. "Anayechukua lazima awe mwenyewe."

"Nitakuwaje mwenyewe?"

"Sema kitu ambacho kibati hakiwezi kusema."

"Kama kipi?"

"Ningekijua ningekuwa nahodha. Mimi ni pasi."

Lakini mimi nilikijua. Kilikuwa kimekaa kooni tangu siku walipoondoka, mahali pale mwiba wa samaki unapokaa, na nilikuwa nimeshazoea kumeza pembeni yake.

Chini Mzee Kirua akapaza sauti: "Nazibuaaa!"

Meli ikatikisika. Inaanza kutoka. Inapita kwenye tundu la ndiva, tundu ambalo mimi nalizibaga kwa gunia moja la udongo, na inapita bila kukwaruza. Inashika mfereji. Kulia kuna kabichi, kushoto kuna maharage, na wenye mashamba wanasogeza ndoo zao kuipisha. Mimi sijui nimeshukaje, niko ukingoni peku, nakimbia nayo sambamba.

Babu ameinua kichwa kwenye kiti. Mzungu amesogea.

"Sema basi, mwanamke!" Babu anapiga kelele. "Nusu yangu imeshainuka, nusu nyingine inasubiri wewe!"

Bibi ameshika ukingo wa meli, keki mkononi. Hacheki.

Nafungua mdomo. Kinachotoka ni: "Sina..."

Meli inaongeza mwendo. Mfereji unapinda kuelekea bondeni, na bondeni, badala ya shamba la jirani yetu Mama Elifuraha, kuna bahari yote. Navuta pumzi mpaka mbavu zinauma. Mimi ambaye hata bei sokoni nauliza kwa kunong'ona, nikapiga kelele, "Subiriniiii!"

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na nilikuwa nimechelewa. Nilikwenda jikoni mbio nikakoka moto. Bibi alikuwa ameshakaa. Nikamwekea chai na mihogo. Akaisukuma sahani kwa nyuma ya mkono.

"Leo usinihangaikie," akasema. "Jana nililala na uji mtupu, lakini nimeamka tumbo limejaa kama nimetoka harusini. Sijui ni uzee." Akalegeza kitenge kiunoni, akashusha pumzi.

Pembeni mwa mdomo wake palikuwa na chembe ya kitu cheupe. Nikakipangusa kwa kidole, akaniacha. Nikageukia moto, nikakionja. Kilikuwa sukari ya keki. Nyumba yetu haina hata unga wa ngano.

Babu akaingia anajifuta uso. "Habari za asubuhi, Namsifu," akasema kwa adabu. "Umelalaje?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile lile. Nikalizuia kwa meno. Sauti yangu ilipotoka ilikuwa imekauka na kukwaruza, wote wawili wakaniangalia.

"Sikulala vizuri, Babu. Na mlipokuwa huko sikuwa mzima. Malaria ilinishika mpaka Mama Elifuraha akawa ananishikia simu sikioni, na nyinyi mkiniuliza nasema sina neno. Nilidhani nitakufa na nyinyi mko kwenye maji. Mliniaga kwa furaha na mimi nikafurahi mbele yenu, lakini sikutaka mwende. Hakuna aliyeniuliza kama naweza kubaki peke yangu. Sikuweza."