Bizimu la Kopo la Nyanya

Kwa heshima zote, bizimu lile la kufungia mkanda nililitengeneza mimi, Adrian wa kidato cha tatu, kwa kifuniko cha kopo la nyanya. Madam Evarista alikuwa ametuonyesha picha ya bizimu la mkanda la Wafaranki, watu wa Ulaya ya kale: Danieli amesimama wima, mikono juu, simba wawili wanamlamba miguu. Walilivaa kiunoni, alisema, ili baya lisipate pa kuingilia.

"Kumbe hirizi," alisema Najim, na wala hakucheka.

Najim, jirani yangu wa kitanda, alikuwa na zamu ya kukata majani ya ng'ombe wa shule, pembeni mwa shamba la miwa la Makurunge. Wiki hiyo simba alisikika huko. Basi nikamchora Danieli kwa msumari kwenye kifuniko, nikamfungia Najim mkandani kwa taadhima ya askofu, bweni zima likiuma mashuka kuzuia kicheko.

"Nenda, mwanangu. Simba akikuona atakuamkia."

Akaenda peke yake. Mwenzake wa zamu alijifanya anaumwa tumbo.

Punde Bwanaheri, mchunga ng'ombe wa shule, akaja mbio, kandambili mkononi. "Simba kaua ndama! Pale pale kwenye majani! Mtu asitoke!"

Cheko langu likakatika. "Shikamoo, mzee. Najim yuko huko."

"Marahaba nini! Nani kamruhusu?"

Danieli, nilitaka kujibu. Bwanaheri akakimbilia kwa askari wa wanyamapori. Mimi miguu ikanipeleka kwenye miwa, kichwa kikikataa njia nzima. Kila jani lililonigusa lilikuwa na kucha.

Nikamwona Najim. Amesimama wima, mikono juu. Mbele yake simba jike amemlalia ndama, mdomo mwekundu.

Nikageuka nikimbie.

"Ukikimbia umekufa," Najim akanong'ona bila kunitazama. "Simama kama yule wa Madam. Mikono juu."

Nikainua. Mkojo ukashuka wenyewe, kwa heshima zote. Simba akanguruma chini chini, mkia ukipiga majani. Tukarudi kinyumenyume, unyayo kwa unyayo, macho kwake, mpaka akainamia tena nyama yake. Hata barabarani mikono yangu ilikataa kushuka.

"Najim, nisamehe. Lile bizimu..."

"Kopo la nyanya. Nyuma limeandikwa: hifadhi mahali pakavu." Akaitazama suruali yangu. "Wewe lisingekufaa."

"Sasa ulienda kwa nini?"

"Ng'ombe wangekula nini? Halafu yule Danieli wako, ingawa umemchora kama mwiko, hakimbii. Hilo nililishika."

Miwa ikatikisika nyuma yetu. Huenda ulikuwa upepo.

"Vua mkanda," nikasema. "Nivae mimi mpaka getini."

"Sivui ng'o. Shika hapa nyuma."

Nikaushika kwa mikono miwili. Tukaingia getini hivyo hivyo, bweni zima likitazama, na sikuuachia.