Kasha la Mapacha la Bi Enid

Enid Barraclough alikuwa na kasha la biskuti lililojaa mapacha. Si watoto, jamani, ni maneno. Kiingereza kina maneno mengi ya namna hiyo. Ukiyasikia mdomoni mwa mtu ni yale yale, ukiyaandika ndipo yanakutia aibu. Moja, flour, ni unga, lingine, flower, ni ua. Moja, morning, ni asubuhi, lingine, mourning, ni maombolezo. Enid aliwaandikia mapacha hao kadi, na kwa kuwa alikuwa na ugonjwa wa vitendawili tangu utotoni, kila kadi ilikuwa kitendawili. *Mmoja hasogei hata umsukume, juu ya ndugu yake tunaandika barua. Ni nani na nani?* Jibu liko nyuma ya kadi, kwa wino mwekundu: stationary, asiyesogea, na stationery, karatasi za barua.

Kadi zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Miaka ilikuwa ishirini na sita. Na yote hayo yalikuwa kwa ajili ya Kengele, jarida la kijiji cha Askerby, huko kwenye vilima vya Yorkshire ambako kondoo ni wengi kuliko watu. Kengele ilitoka kila mwezi. Wanakijiji waliandika walichotaka kusema, wakakipenyeza kwenye tundu la barua la mlango wa Enid, wakaenda zao. Bi Tordoff alileta mapishi. Kasisi Lumb alileta tangazo la ibada. Bwana Clement Ackroyd, mwenyekiti wa kila kitu chenye kiti, alileta shukrani, zimeandikwa mgongoni mwa bahasha kuukuu. Wote watu wazuri, na hakuna hata mmoja aliyejua pacha yupi ni yupi. Enid aliwapiga mapacha duara jekundu, akawarudisha kila mmoja kwa mama yake, akachapa, na kijiji kikajiona kinajua kuandika.

Mwezi wa nane ikaja barua kutoka kwa dada yake Hester, anayekaa Filey, kule pwani. Herufi zilikuwa kubwa na zimepinda, mistari imepandana.

"Daktari wa macho anasema ikifika Krismasi nitabaki na mwanga na kivuli tu," Hester aliandika. "Chumba cha nyuma nimekitandika. Njoo ukae, Enid, niutazame uso wako vizuri kabla macho hayajazimika. Na usiniletee udhuru wa jarida."

Enid aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena ameketi. Kisha akajibu: nakuja mwezi wa kumi.

Sasa, kuondoka Askerby si kufunga sanduku. Kazi ya kijiji haiachwi, inakabidhiwa, na asiyepata wa kumkabidhi atakaa nayo mpaka atolewe ndani kwa jeneza. Aliyemtangulia, Bi Prudence Oddy, alimkabidhi Enid kalamu akiwa kwenye kitanda cha hospitali, na Enid akaapa pale pale kwamba Kengele haitanyamaza. Halafu kuna hili la pili, ambalo ni zito zaidi. Kule mtu hamwambii mwenzake "sitaki" usoni. Enid hakuwahi kulisikia neno hilo likisemwa Askerby, ila na watoto wadogo, na siku moja na bwana mmoja wa kutoka London ambaye mpaka leo anasimuliwa.

Kwa hiyo alijaribu kama wanavyojaribu watu wa huko. Alimkuta Bwana Ackroyd mlangoni pa duka.

"Clement, nilikuwa nawaza tu, kama si usumbufu, pengine yuko mtu ambaye angependa kuionja kidogo hii kazi ya Kengele."

Bwana Ackroyd akacheka mpaka kofia ikasogea. "Akuweze nani wewe? Kengele bila Enid si ni bati tu!"

Kesho yake asubuhi akakuta kizingitini chungu cha maua, kimefungwa utepe. Ndilo lililokuwa jibu. Enid akakibeba akakiweka dirishani pamoja na vingine kumi. Kila chungu kilikuwa mwaka mmoja aliojaribu kujiuzulu. Vilikuwa vimenona, majani yamejaa, na sebule yake ilikuwa haipati tena jua mpaka mchana.

Akakaa kwenye lile giza la maua ya shukrani, akafikiri. Kama hawezi kutoka, basi na wamtoe.

Toleo la mwezi wa kumi alilichapa kama lilivyokuja. Hakugusa neno. Iliuma, we acha tu. Ilikuwa kama kumwona mtoto ana kamasi na kukataza mkono wako usimfute. Mapishi ya Bi Tordoff yalitaka vikombe viwili vya ua. Bwana Ackroyd alitaka kulishukuru lile lango jipya la chuma, steel, likawa lango la steal, la wizi. Kasisi Lumb aliwaalika watu kwenye maombolezo saa nne ya asubuhi, yakasomeka kuwa asubuhi, saa nne ya maombolezo. Enid alihesabu makosa ishirini na matatu. Akayasambaza yote, nyumba kwa nyumba, kwa miguu yake mwenyewe, kisha akarudi akakaa karibu na mlango, mikono mapajani.

Waje, aliomba. Waje wamekasirika. Waninyang'anye.

Hakuja mtu.

Siku ya pili akaenda dukani kwa Beryl Sugden, rafiki yake wa miaka. Bi Tordoff alikuwa pale ananunua majani ya chai.

"Kengele ya mwezi huu tamu kweli," Beryl akasema.

"Tamu," Bi Tordoff akaitikia, macho kwenye makopo ya maharage.

"Yale mapishi yako, Mabel," Enid akachokoza, "hukuona kitu?"

"Yametoka vizuri sana, kipenzi." Na Bi Tordoff akatoka mbio, chai ameiacha kwenye kaunta.

Enid akarudi nyumbani anajiuliza kama kweli alichapa alichodhani amechapa. Akalitazama jarida. Ua lilikuwepo, vikombe viwili.

Siku ya tatu ikaja supu. Mtu aliiacha mlangoni, ya moto, na kitambaa juu yake. Siku ya nne ikaja keki ya tufaha, na alipochungulia dirishani katikati ya vyungu akamwona Bwana Ackroyd anafagia majani kwenye njia yake, anafagia kwa kunyata, kama mtu anayeiba. Siku ya tano akabisha daktari.

"Napita tu," daktari akasema, akakaa. Akanywa chai. Akamwuliza leo ni siku gani, na huu ni mwaka gani, na kama anamkumbuka mama yake alikuwa anaitwa nani.

Hapo ndipo Enid alipoelewa. Waliyaona. Waliyaona yote ishirini na matatu.

Beryl alipokuja jioni hiyo, na birika halijachemka, Enid akamkalia kooni.

"Sema, Beryl. Mmenifanya nini?"

"Hatujakufanya kitu, kipenzi. Tulikaa tu Jumatano, kwangu."

"Mlikaa nani?"

"Sote." Beryl akashika kikombe kitupu. "Isipokuwa wewe."

"Ehe."

"Tumekubaliana hatukuondoi ng'o. Wengine walisema upumzishwe, lakini Clement akasema mkimnyang'anya Kengele mmemwua. Kwa hiyo mimi nitakuwa nakuja kila Jumatatu na Alhamisi nikukalie, nikusaidie kusoma. Mabel atakuletea chakula cha mchana. Funguo ya akiba ninayo tayari, ile uliyonipa mwaka wa mafuriko."

"Beryl, mimi sijapoteza akili. Nilifanya makusudi."

Beryl akamwekea mkono begani, mkono laini, wa pole. "Najua, kipenzi. Najua."

Hiyo "najua" ilifunga mlango wa mwisho, Enid akausikia ukibana. Akavuta kiti akakaa.

"Na Clement amemwandikia dada yako," Beryl akaongeza, kama anayetaja hali ya hewa. "Kwamba safari hutaiweza. Ameandika kwa adabu sana, lakini."

Beryl alipoondoka tu, Enid akainua simu. Iliita muda mrefu. Hester siku hizi aliifuata kwa kupapasa ukuta.

"Jirani kanisomea barua," Hester akasema. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyekwisha kulia. "Usijisumbue, mdogo wangu. Nitakukumbuka ulivyokuwa kwenye harusi ya binamu yetu Ivy."

"Harusi ya Ivy ina miaka kumi na tisa, Hester! Mimi mzima. Nasikia, naona, natembea. Nakuja."

"Waliandika kwamba utasema hivyo," Hester akasema.

Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa Alhamisi iliyofuata alasiri, ukumbini. Chai ilikuwa inatokota kwenye pipa lake pembeni, viti vimepangwa, na Bwana Ackroyd anasoma vyeo kimoja kimoja. Desturi ni kwamba anataja cheo, anasema "Kama kawaida?", na watu wanainua mikono upesi, kila mtu anaogopa akichelewa atapewa yeye. Mtunza funguo, kama kawaida. Mpanga maua ya kanisa, kama kawaida. Mikono juu, mikono chini.

"Mhariri wa Kengele," Bwana Ackroyd akasema, na sauti yake ikawa ya hospitali. "Kama kawaida?"

Mikono yote ikapanda. Enid akasimama.

"Hapana."

Pipa la chai likasikika likibubujika.

"Sitaki," Enid akasema. Neno lilikuwa jipya mdomoni, kama jino la kubandika. "Sitaki tena kuwa mhariri. Naondoka Jumamosi, basi la saa nne. Naenda kwa dada yangu."

Hakuna aliyemtazama. Walitazama viatu vyao, wote, viatu vya ngozi na vya mpira, safu nzima. Nyuma Bi Tordoff akanong'ona, "Maskini."

"Asante sana, Enid," Bwana Ackroyd akasema taratibu. "Tumekusikia. Sasa tuingie kwenye suala la bomba la choo."

Katibu akaandika kwenye daftari. Enid alikuwa mtu wa kusoma hata maandishi yaliyopinduliwa, akasoma: *Bi Barraclough alitoa neno, akashukuriwa.* Mikono waliyoinua haikuhesabiwa upya. Alikuwa amechaguliwa.

Hakukaa. Akatoka, akavuka barabara hadi kwake, akachukua kasha la biskuti kwa mikono miwili, maana lilikuwa zito, akarudi nalo. Wakati huo walikuwa wamefika kwenye bomba. Akalitua juu ya meza, juu ya karatasi za mwenyekiti.

Alikuwa ameshageuka Beryl alipomwita. "Enid! Umesahau kasha lako, kipenzi!"

"Sijasahau," Enid akasema, akaenda kufunga sanduku.

Jumamosi alikuwa kituoni nusu saa kabla, sanduku miguuni, mgongo kwenye ukuta wa mawe. Vyungu kumi na moja alivipanga nje ya nyumba, atakaye achukue. Kila mara aliposikia mtu, moyo ulimlipuka. Alimngoja daktari. Alimngoja Bwana Ackroyd na gari la kumrudisha kwa upole.

Aliyekuja ni Beryl, anahema, kasha kwapani.

"Sijaja kukuzuia," akasema upesi. "Hakuna anayekuzuia. Tumebishana tangu Alhamisi, Clement kasema basi, kila mtu na lake." Akatoa karatasi mfukoni. "Ni kipande hiki tu. Cha Kasisi. Dakika moja, huku unangoja basi. Ni kukitupia jicho tu."

Karatasi ikawa mikononi mwa Enid kabla hajakataa. Na macho, macho hayana adabu, yakaanza kusoma yenyewe. Mstari wa kwanza, mapacha. Mstari wa tatu, mapacha wengine, hawa wakubwa. Mstari wa saba palikuwa na wale ambao kadi yao aliiandika mwaka wake wa kwanza kabisa. *Mmoja anakaa mbele kanisani hagusiki, ndugu yake hukigusa kila kitu akakigeuza.* Altar na alter, madhabahu na kugeuza. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba, umeishika kalamu nyekundu.

Beryl aliona mkono. Uso wake ukatulia, kama mtu aliyeona mlango umerudishwa.

Na Enid akaiona safari nzima. Duara moja tu, na bahasha zitamfuata Filey. Kila mwezi, kwenye tundu la barua la Hester, moja juu ya nyingine, na yeye amekaa dirishani na wino wake, na Hester nyuma yake anamngoja ageuke.

Basi likatokea juu kwenye kona ya zizi la kondoo. Likashuka.

Enid akaiachia kalamu mkobani. Akainua uso, akachukua sauti ile ile ya dukani, ya makopo ya maharage.

"Kizuri sana, Beryl," akasema. "Msiguse hata neno."

"Kweli?"

"Kitamu."

Akamrudishia karatasi. Dereva akafungua mlango, Enid akapandisha sanduku mwenyewe, akakaa upande wa dirisha.

"Basi cha mwezi ujao nitakutu..." Beryl alisema, na mlango ukafungwa. Mdomo wake uliendelea kusema nyuma ya kioo, kasha kwapani, karatasi mkononi, anatazama barabara juu na chini kama anayetafuta wa kumpa.

Enid aliukalia mkono wake wa kulia. Aliukalia mpaka kilima cha tatu, ndipo ukaacha kuwasha. Kisha akatoa kioo kidogo akajitazama. Shavuni palikuwa na alama ya wino mwekundu, sijui ya tangu lini. Akalowesha leso kwa ulimi, akaanza kufuta, halafu akaacha.

Hester na aione. Iko kwenye uso.