Mpaka Ukomae

Padri mzee aliyeleta Litembo mche wa sekwoya kutoka ng'ambo alimshikisha Hyasinti msalaba, akamwapisha: asiondoke hapo mpaka mti ukomae. Kisha akarudi kwao, akafia huko. Hyasinti hakuona shida. Mikaratusi hukomaa kwa miaka kumi na kitu tu. Huo wa kizungu ungeizidi nini?

Sasa ulikuwa mwaka wa thelathini. Kivuli cha mti kilikuwa kimemeza mashimo yote ya ngolo ya shamba lake la mteremkoni, mahindi yakatoka membamba kama nyasi, na kahawa yake hata wanunuzi binafsi walioletwa na soko huria waliipita bila kusimama. Mkewe Flavia alishachoka, akateremka Mbamba Bay kuuza dagaa. Kila wiki alituma salamu zile zile: njoo.

Siku alipopita bwana misitu, Hyasinti alimkamata mkono. "Baba, utazame. Padri aliniapisha nisiondoke mpaka ukomae. Sema tu umekomaa, niende zangu."

Bwana misitu akalizunguka shina, akapapasa gome lake jekundu. "Pole sana, mzee. Huu bado mtoto. Kwao hukomaa kwa miaka elfu."

Hyasinti akakaa chini kama gunia.

"Labda padri alitaka kusema ushike mizizi," bwana misitu akamtuliza. "Si unajua Kiswahili chao wale?"

"Chao nakijua." Hyasinti akainuka, akaokota jembe, akarudi kivulini. "Lakini aliyeapa ni mimi, na mimi Kiswahili nilikielewa."