Jogoo wa Kuibiwa

Mume wangu Damsa alinunua jogoo mwekundu ili aibiwe. Msicheke. Kwetu sisi tunaosema Kileko, mpwa akija kwa mjomba wake hubeba anachokitaka huku akimtukana, na mjomba humfukuza kwa matusi makubwa zaidi. Asiyechukua kitu ni mpita njia tu.

Na Barnabas hakuchukua kitu. Ni mtoto wa marehemu Nyonga, dada pekee wa mume wangu, aliyeolewa mbali, mjini Jos. Kijana amekua akisema Kihausa, na ndiyo kwanza anafika kwetu. Alikuwa mpole kupita kiasi, ahsante kwa kila bakuli. Damsa akamfunga jogoo mlangoni pa chumba cha kijana. Kijana akamlisha mtama. Mume wangu akasusa kula. Akaniambia sasa ndiyo dada yake amekufa kweli, maana mwanawe amekuja kama mgeni.

Wanaume wakinuna hunichosha. Nikamwita Barnabas kwenye jiwe la kusagia, nikamuuliza kulikoni.

"Desturi naijua, marehemu mama yangu alinisimulia," akasema. "Ila matusi lazima yawe ya Kileko, mama, na mimi najua salamu tu. Nitachekwa."

"Utachekwa, ndiyo. Wewe unadhani utani ni wa nini? Kaa hapo."

Tukasaga mtama na matusi pamoja. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini mimi nina akiba niliyoijaribu miaka yote ya ndoa yangu.

Siku ya kuondoka akaaga kwa adabu, Damsa akimjibu kwa shingo upande. Kisha Barnabas akamkwapua jogoo, akageuka, na Kileko chake kikichechemea akasema, "We mzee tumbo mtungi, miguu njiti! Huyu jogoo anakufa njaa kwako. Namwokoa."

Damsa akainuka polepole. Nikaogopa, nikadhani nimefundisha vibaya. Mara akavua kiatu, akamrushia, akamkimbiza hadi barabarani kwenye pikipiki iliyokuwa ikimsubiri, akimtukana kwa sauti ya kusikika kijiji kizima, na machozi yanamtoka.

Alirudi anahema, mguu mmoja mtupu, akapita nyumba moja baada ya nyingine.

"Nyonga ameniibia," alikuwa akiwaambia majirani. "Jogoo wangu mwekundu, Nyonga kaondoka naye."

Mchana huo tulikula ugali kwa mlenda mtupu. Akaomba aongezewe.