Kioo Kilichotazama Gishe

Subira huvuta shari. Niliiona ikivuta, miezi minne mfululizo, mbele ya gishe yangu, kaunta ya kupokelea watu katika biro ya kampuni ya mizigo, bandarini Kalemie.

Kompyuta yetu ilikuwa na vioo viwili. Wazungu wa mradi waliiacha walipokimbia uporaji wa mwaka 1991. Kioo kimoja kilinitazama mimi. Cha pili Chef Nicolas, mkubwa wa biro, alikigeuza kiwatazame wafanyakazi waliosimamishwa, wasome habari zao wenyewe. Kila karatasi niliyofungua ilitokea ndani ya mraba tuliouita dirisha, na dirisha niliweza kulishika kwa kipanya, nikalivuta mpaka likatoka kwangu na kutokea kwao. Kazi yangu njo hiyo: kujua dirisha gani likae upande gani.

Kwao lilikaa tangazo kuhusu faili zao: "Dosye zingali zinachunguzwa. Subirini." Kwangu ilikaa orodha ya watu mia mbili na kumi waliofukuzwa, imetiwa sahihi Februari.

"Wakiiona watavunja mlango," Chef alisema. "Acha kwanza, Victorine. Watachoka wenyewe."

Hawakuchoka. Papa Barthélemy, mwendesha kreni, alikuja kila asubuhi, suruali imepigwa pasi kama mtu anayeingia kazini.

"Mama Kioo, leo kinasema nini?"

"Kinasema vile vile, Papa."

"Basi hakijasema hapana. Bibi yangu naye, nilipomuchumbia, alinijibu hivyo mwaka muzima, na leo tuko na watoto saba."

Wenzake walicheka. Mimi nilitazama kioo changu. Jina lake lilikuwa mstari wa tisa.

Siku moja ya Juni hakutania. Aliegemea gishe.

"Kwangu chakula kimeisha. Nataka kupeleka watoto Nyunzu, kwa nyanya yao. Niambie, mutoto wangu. Niwapeleke, ao ningojee kidogo?"

Nilishika kipanya. Niliondoa tangazo, nikaivuta orodha kuelekea ukingo. Ilipofika katikati majina yalikatika, nusu kwangu, nusu kwao. Ningeweza kuirudisha. Niliisukuma yote.

Hakuna aliyevunja mlango. Wafanyakazi walisogea, wakasoma, asiyejua kusoma alisomewa na jirani yake, polepole. Papa Barthélemy aliweka kidole kwenye mstari wa tisa, kisha akakipandisha juu, kwenye tarehe.

"Februari," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Mwezi wa ine shemeji alinipa nafasi ya kazi katika mutumbwi wake, kule Zongwe. Nikamujibu niko na kazi. Akamupa mwingine." Aliutoa mkono wake kiooni. "Na wewe ulikuwa unaniona kila siku."

Aliondoka. Sikumwona tena.

Kabla ya saa sita Chef aliniita. Karatasi tupu ilikuwa tayari mezani, na kalamu juu yake.

"Andika kwamba dirisha liliteleza. Omba radhi kwa kurugenzi. Hapo labda nitakuokoa. Usipoandika, jina lako linakuwa la mia mbili na kumi na moja."

"Halikuteleza, Chef. Nililivuta."

"Victorine, andika tu."

"Kwa miezi minne niliyonyamaza, sina neno la kumfaa Papa Barthélemy. Kwa dirisha lile siombi radhi."

Nilimrudishia kalamu yake.

"Siombi."