Nyota ya Shemeji Ambakisye

Fuso la Amri lilishaacha Itumba nyuma, limejaa ndizi za kuuza Tunduma. Mpwa wangu Gwantwa alikaa katikati yetu, begi mapajani. Alikuwa anaikimbia Jumapili, asikutane na waumini kanisani.

"Mwalimu, ile nyota ya mzee umeiacha na nani?" Amri akamtania.

"Endesha gari, Amri," nikamwambia.

Gwantwa anafundisha fizikia. Jioni huchambua vipimo vya setilaiti inayopiga picha anga, akitafuta nyota ambazo mwanga wake hupanda na kushuka. Mwezi uliopita alipata moja isiyokuwa kwenye orodha yoyote, akaiita Ambakisye, jina la marehemu baba yake. Kwetu furaha haifichwi ndani. Dada yangu Enesi, mama yake, akapeleka mbuzi kanisani, ibada ya shukrani ikafanyika, kwaya ikaimba. Hakuna aliyeuliza kama imehakikiwa.

Juzi mwenzake wa Afrika Kusini, mwenye darubini kubwa, aliyemwomba aiangalie baada ya ibada, akamjibu. Nyota ile haibadiliki hata chembe. Inayobadilika ni iliyo jirani yake, nayo inajulikana tangu zamani.

"Kwa hiyo setilaiti imekudanganya?" nikauliza.

"Haikunidanganya, mjomba. Inaona mbali, ila vilivyokaribiana inaviona kitu kimoja. Ni kama moshi ng'ambo ya bonde. Moto upo kweli, lakini nyumba ziko mbili, nami nikataja nyumba isiyo yenyewe." Akajifunika uso kwa ncha ya kitenge. "Nilitakiwa niombe mtu aangalie kwa darubini kwanza. Na watoto nawafundisha hivyo hivyo."

"Mama yako anajua?"

"Jana alikuwa uani, anawaonyesha majirani upande ilipo."

Amri akapunguza mwendo. Safari hii hakutania. "Sasa mwalimu, wewe ukiwa Tunduma, mama ataambiwa na nani?"

Gwantwa akalikamata begi lake.

"Nishushe," akasema.

Nikashuka naye. Tulirudi kwa miguu, tukisalimiwa njia nzima, naye akiitikia macho yakiwa chini. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango. Jumapili Gwantwa alisimama mbele ya kanisa akasema yote. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Enesi sasa anasali kanisa jingine, la bondeni. Gwantwa bado anafundisha, na vipimo anavichambua, ila hatangazi kitu. Amri aliuza Fuso, yuko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anauza matairi. Mimi nilikaa kwa dada mpaka mvua zikakatika, nikashuka Kamsamba kwenye mpunga.